Pentekoste Alikuwa Ng'ombe wa Nani

Kifaransa changu kinaishia ukurasa wa themanini na nne. Hapo ndipo Mwalimu Mwanne alipofunga kitabu, akatuachia zoezi la sita, akaondoka kumfuata mume wake aliyehamishiwa Kigoma. Shule haikupata mwalimu mwingine. Tulikuwa tumemaliza wakati uliopo, na tumemaliza ule wanaouita imparfait, wa mambo yaliyokuwa yakifanyika zamani siku baada ya siku. Wakati ujao ulianza ukurasa wa themanini na tano. Mpaka leo siujui, na nimeishi vizuri tu.

Nayasema haya kwa sababu watu wa Babati wanapenda kunitania kwamba niliolewa kwa Kifaransa. Waongo wakubwa. Niliolewa kwa mtamba mmoja, dume la mbuzi na debe la asali, kama mama yangu na kama dada zangu wote wawili. Ila huyo mtamba ilibidi habari zake zifike Ufaransa na kurudi kabla hajaingia kwetu Sigino, hilo sikatai.

Ulikuwa mwaka themanini na nne. Sabuni ilikuwa imegeuka hadithi, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa njano, ukiupikia ugali unakuwa na harufu ya gunia. Sukari ilikuwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kwa kujuana. Ukikaa na wazee jioni ulisikia wimbo mmoja tu: tulikuwa tukinunua, tulikuwa tukivaa, tulikuwa tukipanda basi na likaondoka saa yake. Mji mzima ulikuwa ukizungumza imparfait bila kupita darasani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani kupalilia maharage, na nilikuwa na mchumba.

Mchumba mwenyewe ni Romani wa Bonga, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache, ambaye akipatwa na wasiwasi anacheka. Asali alikuwa nayo, mizinga ya baba yake ilikuwa imejaa. Dume la mbuzi alikuwa nalo. Kilichokosekana ni mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kwetu bila huyo hakuna anayekuita mkwe. Baba yangu, mzee Marcelino, hakuwa mtu wa tamaa. Lakini alikuwa mtu wa chai, na chai yake aliipenda tamu, na hapo ndipo alipoingilia Konstantini.

Konstantini alikuwa karani katika duka moja la ushirika. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akija kwetu amevaa koti, hata jua likiwa kali, na ndani ya koti kulikuwa na kilo ya sukari iliyofungwa kwa gazeti. Aliiweka mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Baba alikuwa akikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mimi sikuwa na ugomvi na sukari. Nilikuwa na ugomvi na aliyeibeba, maana alikuwa akizungumza na mimi kama anayenigawia mgao wangu, na mtamba alikuwa naye, tena wawili.

Mwezi wa pili baba aliniita akasema, "Otilia, mimi sikulazimishi. Huyo Romani namheshimu. Lakini Jumatatu ya Pasaka Konstantini analeta wazee wake. Romani akitangulia na mtamba, vizuri. Asipotangulia, mimi nitasema nini mbele za watu?"

Nilijibu kwamba aseme binti yake hataki. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Cha kuudhi ni kwamba mtamba alikuwepo. Nyumbani kwa baba yake Romani, mzee Yoakimu, kulikuwa na ng'ombe watano: majike mawili makubwa, madume mawili, na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mzuri hata mimi nisiyejua ng'ombe nilikuwa nikimwangalia mara mbili. Shida ni kwamba wote watano hawakuwa wa Yoakimu. Walikuwa wa Padri Egidius, na Padri Egidius alikuwa amerudi kwao Ufaransa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Kwetu mtu akitaka kumfanya mwenzake rafiki wa kweli, humpa ng'ombe jike. Lakini ng'ombe hahami. Anabaki kwa mwenye malisho, anachungwa pale pale, na aliyepewa, ambaye sasa ndiye mwenye mali, analetewa maziwa. Ndama nao ni wake. Mchungaji hapotezi: samadi ni yake, maziwa yanayobaki ni yake, na ikifika siku mwenye mali humkumbuka kwa kitu, huo ndio ujira wake. Mwaka hamsini na moja, sikukuu ya Pentekoste, Yoakimu akiwa bado kijana, alimpa Padri Egidius mtamba. Padri alikuwa mgeni wa miezi miwili, ana kibanda cha udongo na kitanda cha kamba pale Bonga. Mtamba akaitwa Pentekoste. Tangu siku aliyozaa, kila asubuhi Yoakimu alikuwa akipeleka kibuyu cha maziwa kwa Padri, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka mwaka sitini na mbili Padri alipoondoka. Siku ya kuondoka alimwachia Yoakimu baiskeli yake. Yoakimu akaona ni haki yake ya kuchunga, akaipokea kwa mkono mmoja kama mtu anayepokea ujira, akaendelea kuchunga.

Halafu zikaja shida zake. Ukame ulikuja, mkewe akaugua miaka mitatu, watoto wakasoma. Kila mara Yoakimu aliuza ng'ombe wake mwenyewe, akawaacha wa Padri, uzao wa Pentekoste, mpaka wake wakaisha. Bonga nzima ilijua. Hata wezi walikuwa wakisema ng'ombe za Padri haziguswi.

"Si umwandikie basi?" nilimwambia Romani. "Akuruhusu mmoja tu."

"Baba ameandika mara mbili," akasema, "kwa Kiswahili. Hakuna jibu hata moja lililorudi." Akacheka, nikajua ana wasiwasi kama mimi.

Barua ikaja yenyewe, mwanzoni mwa mwezi wa pili, wiki hiyo hiyo baba aliyoniita. Ilifika parokiani ikiwa na stempu tatu, na hapakuwa na aliyeweza kuisoma. Paroko alikuwa na Kiingereza na Kilatini, akasema aliona jina la Joachim na la Bonga, mengine yamemshinda. Mtu mmoja akakumbuka kwamba binti wa Marcelino alisoma Kifaransa. Ndivyo nilivyoitwa, nikaenda na daftari langu chini ya kwapa, nikilipitia njiani, maana kati ya kusoma Kifaransa na kusoma ukurasa wa themanini na nne pana umbali.

Aliyeandika alikuwa mpwa wa Padri, anaitwa Odile. Nilichukua asubuhi nzima kuielewa. Mjomba wake alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kiswahili kimetoka, Kiingereza kimetoka, majina ya ndugu zake yametoka. Lakini kila asubuhi akiamka alikuwa akiita, "Joachim! Le lait!" Yoakimu, maziwa! Wauguzi walidhani anamwomba mtakatifu. Odile alitafuta katika makaratasi ya zamani ya mjomba, akakuta anwani yetu. Alikuwa na ombi moja: tumwandikie mjomba habari za siku zile, alikuwa akilala wapi, alikuwa akila nini, alikuwa akifanya nini. Habari za sasa tusiandike, zinamchanganya na kumliza.

Niliruka. Siku zile! Alikuwa akilala, alikuwa akila! Ukurasa ule ule ninaouweza. Mwalimu Mwanne alitufundisha hivi: simama kwenye nous, sisi, kata mkia, pachika mkia mpya. Nous buvons, tunanywa. Kata ons, inabaki buv. Je buvais, il buvait, vous buviez. Nilikuwa nimeyakariri hayo nikichambua maharage, na mpaka leo nikichambua maharage yananijia.

Kuandika kwenyewe kukawa na vituko. Kwanza karatasi hazikuwepo, nikapewa fomu za ubatizo zilizoharibika, niandike kwa nyuma. Pili, Bonga na Sigino zilikuwa zimeshasikia kwamba kuna barua inakwenda Ulaya, na nilipofika parokiani asubuhi ya pili nilikuta watu wamepanga foleni kama ya unga. Mmoja alitaka tairi la Peugeot. Mama mmoja alitaka sabuni ya kipande, ikiwezekana na mafuta ya kujipaka. Fundi cherehani alitaka sindano namba kumi na sita. Niliwaambia sijui Kifaransa cha kuomba, najua cha zamani tu. Fundi akasema, "Basi mwandikie kwamba zamani tulikuwa tukishona." Nilimfukuza, lakini nilimcheka baadaye.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchumba haketi uso kwa uso na baba mkwe wake. Ni heshima, na Yoakimu alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Basi mimi nilikaa ndani ya ofisi ya katekista, Yoakimu akakaa nje kwenye benchi chini ya dirisha, na Romani akasimama mlangoni katikati yetu. Tulikuwa tukisikiana vizuri kabisa. Hata hivyo Yoakimu alimwambia Romani, Romani akaniambia mimi, na mimi nikajibu kwa Romani.

"Mwambie huyo binti aandike," alisema Yoakimu nje, "Padri alikuwa akilala kwenye kitanda cha kamba, na kamba zilikuwa zikikatika usiku."

"Anasema Padri alikuwa..."

"Nimesikia, Romani."

Vous dormiez sur un lit de cordes. Kwa padri ni vous, na mkia wa vous ni iez. Kibuyu sikujua kinaitwaje, nikaandika chupa ya mmea. Neno la kiboko nililijua kutoka kitabu cha biolojia, na Yoakimu alikuwa na habari ndefu ya kiboko wa ziwani aliyekuwa akija kula mchicha wa Padri, na Padri alikuwa akitoka na kengele ya misa kumfukuza. Vous sonniez la cloche. L'hippopotame mangeait toujours. Kiboko alikuwa akiendelea kula. Yoakimu alikuwa akicheka nje peke yake, na mimi ndani nilikuwa nikicheka, na Romani mlangoni akawa anageuza shingo huku na huku.

Karatasi ilipokaribia kuisha nikamwuliza Romani kwa sauti ya kutosha, "Na mtamba je? Hatuombi?"

"Mwambie mgonjwa haombwi ng'ombe," akasema Yoakimu. "Nitamtaja tu Pentekoste. Padri akimkumbuka, atasema neno. Neno hilo ndilo nitakalolifuata. Asipomkumbuka, basi nitaendelea kuchunga."

Nilitamani kutoka nje nimwambie kwamba Pasaka haingojei kumbukumbu za mtu. Nilikuwa na hasira, mnajua ile hasira ya kumkasirikia mtu mwema, haina pa kwenda. Nikaandika alivyosema: Chaque matin vous buviez le lait de votre vache, Pentecôte. Kila asubuhi ulikuwa ukinywa maziwa ya ng'ombe wako, Pentekoste. Paroko akagonga muhuri, akatoa stempu.

Kwaresima yote nilingoja. Konstantini alikuja na koti lake kila Jumapili, baba akakoroga. Romani alikuja mara moja akaniambia mtamba amenenepa, kana kwamba hiyo ni habari ya kunifurahisha. Nilimwambia anenepe tu, atapata mwenyewe.

Jumatano ya Wiki Takatifu katekista alimtuma mtu: barua imekuja. Nilitembea kutoka Sigino mpaka mjini kwa mwendo ambao mama angenisema. Nilipofika, Yoakimu alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake chini ya dirisha, amevaa shati jeupe la misa, na Romani yuko mlangoni. Niliingia ndani, nikafungua bahasha.

Odile alisema barua yetu ameisoma mbele ya mjomba wake mara tatu. Kwenye kiboko mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini kwenye Pentekoste alisimama. Akakasirika. Akamwamuru Odile achukue kalamu aandike neno kwa neno, na yeye kaandika. Nilitazama mistari ile na sikuhitaji hata daftari. Yote ilikuwa ya ukurasa wangu.

Non. Je n'avais pas de vache. C'était la vache de Joachim. Chaque matin Joachim me donnait son lait.

Hapana. Mimi sikuwa na ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa Yoakimu. Kila asubuhi Yoakimu alikuwa akinipa maziwa yake.

Niliisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoelewa jinsi ilivyokuwa. Mgeni wa miezi miwili, wazee wanasema maneno ya kukabidhi ng'ombe kwa Kiiraqw, na yeye anajibu kila kitu "asante sana". Hakuelewa kwamba amepewa. Miaka kumi na moja alidhani jirani yake anamletea maziwa kwa wema. Na huyu jirani miaka thelathini na mitatu alikuwa akimchungia mtu ng'ombe ambaye mtu huyo hajui kwamba anaye.

"Mwulize," sauti ya Yoakimu ilitoka nje, ndogo. "Anamkumbuka Pentekoste?"

Sitawaficha nilichofikiri. Nilifikiri kudanganya. Kifaransa kile nilikuwa nacho peke yangu, hakuna mtu kutoka Bonga mpaka Arusha ambaye angenisahihisha. Ningesema: Padri anashukuru kwa ng'ombe wake, na anasema mtamba apewe Romani aoe. Yoakimu angefurahi, Romani angefurahi, mimi ningeolewa. Ukweli ungenipa nini? Nilimjua mzee huyu. Mtu ambaye zawadi yake haikufika ataituma tena, na mtamba alikuwa mmoja tu.

Nilifungua mdomo kudanganya. Nikamkumbuka Konstantini anavyofungua koti. Nikaona na mimi ninataka kuwawekea watu mezani kitu nilichokifunga mwenyewe, wanishukuru. Na yule mzee wa Ufaransa, amebakiwa na maneno haya machache tu duniani, kasimama ayaseme. Nikiyabadilisha mimi, nani atakayemsikia tena? Nikasoma kama yalivyo, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili.

Romani hakurudia. Hakukuwa na haja.

Kuku alipita mlangoni. "Kwa hiyo hakupokea," alisema Yoakimu mwishowe. "Nilimpa, hakupokea. Nimekuwa rafiki wa mtu ambaye hajui." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa habari za msiba. Halafu akasema nilichokiogopa: "Basi nitampa sasa. Huyu mtamba. Mwambie binti aandike kwa Kifaransa, aelewe mara hii. Na wewe Romani, utanisamehe."

Romani alicheka kile kicheko chake, kisha kikamkatikia katikati, akageukia ukuta.

Mimi nilikuwa bado na karatasi mkononi. Chini kulikuwa na mistari miwili zaidi ambayo katika haraka yangu nilikuwa sijaisoma. Niliisoma kimya. Nikasogea dirishani, nikafungua ubao wake kwa kiwiko, nikasahau Romani, nikasahau heshima, nikasoma kwa sauti juu ya kichwa cha baba mkwe wangu:

"J'avais une bicyclette. Joachim marchait loin. Je voulais lui faire un cadeau. Anasema: Nilikuwa na baiskeli. Yoakimu alikuwa akitembea mbali. Nilikuwa nikitaka kumpa zawadi."

Yoakimu aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana. "Kumpa nini?"

"Zawadi, baba."

"Si ujira?"

"Hakuna neno ujira hapa. Ni zawadi."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Alisimama kutoka kwenye benchi, akakaa, akasimama. "Mimi nilidhani ananilipa," alisema. "Nilidhani ni haki ya kuchunga. Niliipokea kwa mkono mmoja! Nilisafiri nayo mpaka Dareda, mpaka Magugu, nikampeleka mke wangu hospitali kwa baiskeli ile, na sijamshukuru hata siku moja. Mtu hashukuru ujira wake." Akaanza kucheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, hakuyafuta. "Romani! Umesikia? Alikuwa akinipa! Na mimi nilikuwa nikimpa! Miaka yote hiyo kila mmoja hajui kwamba amepewa!"

"Na mtamba, baba?" Romani aliuliza kwa ukuta.

"Mtamba gani tena? Tumeshapeana, mimi maziwa, yeye baiskeli. Mtamba ni wangu, si umesikia mwenyewe amesema? Mpeleke kwa watu."

Mtamba aliingia kwetu Jumamosi Kuu saa nne asubuhi. Mbele yake alikuja Yoakimu akisukuma baiskeli, ambayo ilikuwa imening'inia darini tangu matairi yalipoadimika. Alikuwa ameyajaza majani makavu na kuyafunga kwa kamba ya katani, ikawa inakwenda kama mtu mwenye kidonda mguuni, lakini hakukubali kuiacha nyumbani. Baba alimzunguka mtamba mara mbili, akakubali. Jumatatu Konstantini alikuja na wazee wake, wakakuta ng'ombe amefungwa uani, wakaelewa, wakanywa chai. Ilikuwa na asali. Konstantini aliondoka na koti lake limefungwa vifungo vyote, na baba alilalamikia asali ile mpaka mwezi wa saba.

Lakini hayo yalikuwa ya Jumamosi na Jumatatu. Jumatano ile, pale parokiani, Yoakimu alifuta uso kwa mkono wa shati la misa, akasema ni lazima barua ijibiwe leo leo. Romani alirudi mlangoni mahali pake na kujiweka tayari kupokea maneno. Nilichukua fomu moja ya ubatizo, nikaigeuza.

"Tumwambie ukweli wa ng'ombe?" Romani aliuliza. "Kwamba alikuwa wake?"

Yoakimu alifikiri. "Hapana," alisema. "Mwache. Alikunywa maziwa yangu, akayafurahia mpaka leo anayaita. Nimpe nini zaidi?" Halafu hakumwambia Romani tena. Alisogea dirishani mwenyewe, akaweka mikono miwili juu ya ubao, pamoja, kama mtu anayepokea kitu, akanitazama.

"Otilia, mwanangu. Andika."

Niliweka kalamu kwenye karatasi.

"Mimi sikuwa na baiskeli," alisema Yoakimu. "Ilikuwa baiskeli ya Padri."

Je n'avais pas de bicyclette. C'était la bicyclette du Père. Niliandika polepole. Alingoja mpaka nimalize, akauliza kama imeandikwa vizuri, na kama Padri ataelewa. Nikamwambia ndiyo, baba, ataelewa.